Mama Alipochomoa Waya

Kazi ile ilinichosha kabla sijaigusa. Nilikuwa Tororo, nimeinama juu ya kompyuta ya mteja iliyojaa sisimizi, bosi wa ofisi ya uwakala wa forodha pale Busia, upande wa Uganda, aliponipigia simu. Alisema anataka mashine zake zote ziongee. Nikamwuliza ziongee nini.

"Wewe ndiyo umesoma hii vitu," akasema. "Kuja tu." Kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Na mama yako naye atapumzika."

Mama yangu ndiye aliyekuwa mtandao wa ofisi ile. Makarani walikaa ghorofani na kompyuta zao za mkononi. Printa ilikaa chini uani, ndani ya kontena la chuma, karibu na geti ambako madereva wa malori walisubiri karatasi ili wavuke mpaka. Karani akimaliza kazi ya mzigo, aliitia kwenye flashi. Mama alipanda ngazi, akaichukua, akaivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, akashuka kontenani, akachapisha. Akapanda tena kupeleka karatasi zikasainiwe na kupigwa muhuri, akashuka tena kumpa dereva. Hivyo hivyo kutwa. Karo yangu yote, tangu shule ya msingi hadi chuo, ilipanda na kushuka ngazi zile, na magoti ya mama yaliisha humo.

Tatizo ni kwamba flashi ile haikubeba kazi tu. Ilibeba virusi pia, kutoka kompyuta hii hadi ile, mpaka asubuhi moja makarani wakafungua mashine na kukuta folda zao hazifunguki hata moja. Kulikuwa na karani mmoja wa upande wa Kenya, mwenye maneno mengi, ambaye alimwambia mama mbele ya wateja, "Mathe, hiyo flash yako ni noma. Umetuua wote." Mama alicheka naye. Baadaye aliniuliza kama kweli kitu kidogo namna ile kinaweza kuugua.

Siku niliyofika tulikula mchana pamoja, ugali na mukene, dagaa wa ziwani, tumekaa kwenye kivuli cha kontena. Mama na mimi tunapokuwa wawili tunaongea Kidhopadhola, lugha ya kwetu, kwa hiyo maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili changu. Nilimwambia wazi kwamba nikimaliza kazi hii hawatamhitaji tena. Nilikuwa nimelibeba jambo hilo tangu Tororo na lilinielemea.

"Najua," akasema. "Ni mimi niliyempa namba yako."

"Sasa?"

"Sasa nataka waniage. Basi."

Nilielewa. Kabla yake kulikuwa na mama mwingine katika kazi hiyo. Muhuri wa ofisi ulipotea, akafukuzwa siku hiyo hiyo, akatoka getini na kandambili zake ndani ya kaveera, mfuko mweusi wa plastiki, madereva wakimtazama. Muhuri ulionekana baadaye nyuma ya kabati, na hakuna aliyekwenda kumwambia. Mama alikuwa amelikumbuka geti lile miaka yote. Yeye alitaka kutoka kama watu wanavyoagwa: akalishwe, soda zifunguliwe, bosi asimame aseme maneno mawili matatu, awekewe kitu mabegani. Alikuwa ameshawaambia wa nyumbani Nagongera kwamba jambo hilo linakuja. Bosi naye alikuwa amemwahidi: printa ikianza kutii kutoka ghorofani, Ijumaa inayofuata tunakuaga.

Kwa hiyo nilianza kazi nikijua ninachomfanyia nani.

Bosi hakutaka kununua mashine mpya. Alikuwa na seva ya Unix aliyoinunua pamoja na viti na makabati ya ofisi moja iliyofungwa Tororo. Ilikuwa nzito, nyeusi, na ikiwashwa ilinguruma kama kinu cha kusaga. Haikuwa mbaya. Mashine za namna ile zinaweza kukaa miaka bila kuomba chochote, mradi usizizime ghafla. Ile betri ya akiba iliyokuja nayo, ya kuishikilia umeme ukikatika, ilikuwa imekufa kitambo na ilitumika kama stuli. Nilimwambia bosi tununue nyingine. Akaniangalia kama nimemwomba figo.

Tuliiweka seva kontenani, chini ya meza ya printa, miguuni pa mama. Nikavuta waya kutoka dirisha la ghorofani hadi uani ndani ya bomba la plastiki. Hapo mambo ya mikono yakaisha, yakaanza ya kichwa.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe ni hii: seva ina lugha yake na kompyuta za Windows zina yao, na lazima uweke programu katikati inayoifanya seva ijifanye ni mwenzao. Ukifaulu, karani akifungua kompyuta yake ghorofani anaona folda ya seva kama iko kwake, na anaiona printa ya chini kama iko mezani pake. Ukishindwa, anaona jina la seva na hakuna zaidi. Nilishindwa kwanza. Programu niliyoikuta kwenye seva ilikuwa ya zamani, na zile kompyuta zilikuwa za juzi, zikakataa kuongea nayo. Nikabadilisha programu. Zikaongea, lakini folda ikakataa kufunguka. Nikarekebisha ruhusa, ikafunguka kwa wote, na makarani wakaja juu. Katika biashara ile kila karani ana wateja wake, na mteja ni mali. Hawakutaka mwenzao aone hata jina la kampuni inayoleta saruji. Nikaanza upya: kila mtu na folda yake, kila mtu na paswadi yake. Wakazisahau paswadi. Nikaziweka tena.

Printa ndiyo ilitaka kuniliza. Ukituma karatasi moja kutoka ghorofani, chini zilitoka karatasi lukuki zenye alama zisizosomeka, mama akizidaka na kuzipanga vizuri kana kwamba zina maana. Ilinichukua muda kuelewa: kompyuta ilikuwa imeshakipika chakula, yaani imeshaigeuza karatasi kuwa lugha ya printa, na seva ilikuwa inakipika mara ya pili. Nilipoiamuru seva iache kupika, ipokee tu na kupitisha, karatasi ikatoka safi. Mama aliiinua juu, akaitazama pande zote mbili. Hakuna mtu aliyekuwa ameshuka ngazi.

"Imekuja yenyewe," akasema.

Ghorofani walishangilia. Yule karani wa Kenya alipiga mluzi. Bosi alikuja hadi kontenani, akamshika mama mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Mama, Ijumaa tunakuaga. Mimi nasema hivyo." Mama alivua kamba ya kiatu shingoni, akaizungusha kwenye flashi, akaitia mfukoni. Nilihisi kama mtu aliyetua gunia, nikarudi Tororo nikalala.

Kesho yake alasiri seva ikafa.

Nilirudi. Niliiwasha, ikaanza kukagua diski yake polepole, faili moja baada ya nyingine, kama zinavyofanya zinapozimwa bila kuambiwa. Wakati huo wote ghorofani folda hazikuonekana, printa haikusikia, na madereva walipiga honi getini. Ikaamka. Siku iliyofuata ikafa tena. Kukapita siku moja nzuri, nikaanza kupumua, halafu ikafa tena, alasiri vilevile, na safari hii faili kadhaa za karani wa Kenya zikaharibika. Nilibadilisha waya wa umeme. Nilifungua mashine nikapuliza vumbi. Nilikuwa ninakwenda na kurudi kati ya Tororo na Busia hadi dereva wa boda pale stendi akaacha kuniuliza ninakwenda wapi. Nilichoka mwili, nikachoka hata kuichukia mashine.

Ijumaa ya kwanza ikapita bila soda. Bosi alisema hawezi kumuaga mtu kwa mtandao ambao haufanyi kazi.

Na hapo maneno yakaanza. Hayakusemwa kwangu, yalisemwa nikiwa karibu. Ni nani anakaa na ile mashine kutwa? Ni nani anapoteza kazi ikifanya vizuri? Kabla mashine haijaja, mama alikuwa na kazi. Mtu mmoja akasema wazi mtoto anaunganisha na mama anakata, na wote wawili wanakula. Nilijifanya sijasikia, lakini lilinikaa kifuani.

Nikaamua kukaa kontenani siku nzima. Asubuhi ilikwenda vizuri. Mchana ulikwenda vizuri. Alasiri wingu jeusi likapanda kutoka upande wa ziwa, na radi ikanguruma mbali. Mama aliinuka. Alivua sweta lake jekundu, akalikunja akaliweka chini ya meza. Akachukua leso akakifunika kioo kidogo kilichokuwa ukutani. Akachomoa birika la umeme. Akachomoa redio. Akachomoa printa. Akainama kwa shida, akashika waya wa seva, akauchomoa. Seva ikanyamaza. Kisha akakaa katikati ya kontena, mikono mapajani, mbali na kuta za chuma, akasubiri mvua.

Alifanya yote hayo mbele yangu, bila haraka wala wizi, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Mimi mwenyewe, aliponinyooshea kidole nizime simu, nilikuwa nimeshaizima.

"Mama," nikamwambia, "ni wewe unayeiua."

"Ninaiua nini? Ninaiokoa."

Alizaliwa Merikit. Kaka yake mkubwa alipigwa na radi akiwa amekaa barazani, redio ikiwa imewashwa kando yake. Mama alikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, mtoto. Hajawahi kunisimulia zaidi ya hapo. Nyumbani kwetu Nagongera, wingu likipanda, hakuna kitu kinachobaki kimechomekwa, hakuna kioo kinachobaki wazi, na hakuna anayebaki amevaa nyekundu. Nimekua hivyo, kama jirani zetu wote. Kwa hiyo hata mimi nilipotafuta kosa ndani ya waya, programu na diski, sikufikiria kuangalia juu.

Lakini nitasema kweli: wasiwasi uliniingia. Yale maneno ya ghorofani yalikuwa yamefanya kazi yake. Nikamwuliza, na bado ninasikia sauti yangu ilivyokuwa nyembamba, kama alichokuwa anaogopa ni radi au ni kupoteza kazi.



"Radi ninaiogopa," akasema. "Kazi nimeichoka. Ninachoogopa kingine ni lile geti."

Hatukuwahi kupata nafasi ya kumweleza bosi wenyewe. Karani wa Kenya alikuwa ameshuka kuuliza mbona folda zimepotea, akauona waya wa seva sakafuni na mama amekaa kando yake. Kesho yake alasiri tuliitwa ghorofani, mama na mimi, tukasimama mbele ya meza ya bosi. Makarani walikaa kwenye viti vyao, kila mmoja amefungua kompyuta lakini hakuna aliyekuwa anaandika. Mama alikuwa ametia kandambili zake ndani ya mfuko. Nilipouona mfuko ule nililikumbuka lile geti.

"Nani nazima mashine yangu?" bosi akauliza, ingawa alijua.

"Ni mimi, bosi," mama akajibu. "Radi nakuja, mimi nachomoa."

"Radi!" akasema bosi. "Kila siku radi? Madereva nalia, wateja nakimbia, wewe nasema radi? Mama, mimi nakuheshimu sana. Lakini mtu anazima mashine ya kazi makusudi, huyo ni adui ya..."

Nje anga lilikuwa limefunga tangu alipoanza kusema. Hapo radi ikapiga, karibu kweli, vioo vya madirisha vikatetemeka. Bosi akainama, akachomoa waya wa kuchajia kompyuta yake, akautupa sakafuni, akazima simu, akainuka.

"...ofisi," akamalizia.

Nilitazama chumba. Waya zote zilikuwa sakafuni. Kila karani alikuwa ameinama na kuchomoa, kisha akarudi kukaa akiendelea kumtazama mama kwa jicho la kuhukumu. Yule wa Kenya alikuwa amejisogeza mbali na dirisha, kiti na yote. Hakuna aliyejiona. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kila alasiri ya mvua, na kompyuta zao ziliendelea kuwaka kwa sababu zina betri ndani. Wakatazama skrini, wakaona seva haipo, wakalaani aliyeizima.

Nilianza kucheka. Ni uchovu ulionichekesha, haikuwa furaha, na sikuweza kujizuia. Bosi alikasirika.

"Wewe nacheka nini?"

"Bosi," nikasema, "angalia chini."

Aliangalia. Aliutazama waya wake, kisha wa karani aliye karibu, kisha wa mwingine, hadi ukutani. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Karani wa Kenya ndiye aliyesema kwanza.

"Aisee, bosi. Sote ni akina mathe."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengine. Bosi hakucheka. Alijikuna shingo, akavuta kiti chake kutoka nyuma ya meza, akakileta kwa mama, akamwambia, "Mama, kaa." Mama hakukaa. Alisema lazima ashuke kwanza kontenani, maana siku hiyo hakuna aliyechomoa. Nilimshika mkono, nikamwambia nitakwenda mimi, na nikashuka ngazi zile kwenye mvua nikilia kwa hasira. Hasira yenyewe ilikuwa ya kushangaza kidogo, maana tulikuwa tumeshinda.

Bosi hakununua betri ya akiba hata baada ya hapo. Nilichofanya ni kuifundisha seva: ukibonyeza kitufe cha mbele mara moja, inafunga kila kitu taratibu, inahifadhi, inajizima, taa ya kijani inazimika. Ukiona taa imezimika, chomoa. Nilimwonyesha mama. Akaweka utaratibu wake juu ya wangu: wingu likipanda, alitoka uani akaita, "Ninyi wa juu! Hifadhini, naizima!" na ghorofani wote wakahifadhi kazi zao bila kubisha. Tangu hapo hakuna faili iliyoharibika. Mvua ikipita aliiwasha, nayo iliamka bila kukagua chochote. Nilipoona hivyo nilijua kazi imekwisha, yangu na yake. Ijumaa iliyofuata wakamuaga.

Walifanya kama alivyotaka. Viti vilishushwa uani, soda zikafunguliwa, madereva wawili watatu waliomfahamu wakaingia getini na kusimama nyuma. Watu wa Nagongera walikuja wakiwa wamevaa vizuri. Mama alikalishwa katikati na gomesi yake ya kijani, lile gauni la heshima la kina mama wa Uganda. Bosi alisimama akaanza kusema. Alisema mengi na alirudia, lakini alisema pia kwamba ofisi ilimkosea mama huyu kwa mdomo na kwamba yeye ndiye aliyeanza. Sikutarajia hilo, na mama alitazama magoti yake.

Kisha bosi akafungua mfuko. Mkewe alikuwa amenunua zawadi upande wa Kenya, na mkewe hakujua habari zetu. Lilikuwa blanketi zito, zuri, jekundu kabisa. Bosi akalikunjua, akamwekea mama mabegani, watu wakapiga makofi. Mama akalishika kwa mikono miwili, akatabasamu.

Upande wa ziwa kukanguruma.

Makofi yakakatika. Mama hakusogea. Alikuwa mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hainuki kwenda kuchomoa waya. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akaniona, akanionyesha kontena kwa kidevu.

Nilikwenda. Niliita wa juu wahifadhi, ingawa ghorofani hakukuwa na mtu. Nilikifunika kioo. Nilibonyeza kitufe, nikapiga magoti sakafuni kusubiri ile taa ya kijani, na ngurumo ya pili ikanikuta nimepiga magoti vile. Taa ikazimika. Nikachomoa.

Nilipotoka, watu walikuwa wameshaingia chini ya baraza na viti vyao. Mama alikuwa bado amekaa, bosi amesimama nyuma yake. Blanketi lilikuwa limekunjwa na kuwekwa ndani ya mfuko, mfuko umesukumwa chini ya kiti. Mabegani mama alikuwa na koti la bosi, jeusi, mikono yake ikimfika mapajani. Bosi mwenyewe alikuwa amebaki na shati, na matone ya kwanza yalikuwa yanamlowesha.

"Umeizima vizuri?" mama akaniuliza.

"Nimeizima, Mama."

"Ulisubiri taa?"

"Nilisubiri."

Akatikisa kichwa kukubali, akaegemea kiti.